Kaseti Uliyoacha Mezani

Kitengela, Jumapili mchana

Nekesa wangu,

Umetoka sasa hivi na babako kwenda kumuaga Mama Nasieku, na najua hamtarudi upesi, kwa sababu katika nyumba ile hakuna mtu hutoka bila chai, na chai yenyewe haiwekwi motoni mpaka mgeni aketi. Basi niko na nafasi. Nimesukuma vyombo kando, nimechukua karatasi za babako za kuandikia matangazo ya kanisa, na naandika haraka kabla sijabadilisha nia.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji wala ya kufunga dirisha kukinyesha. Hayo babako amekuambia wiki nzima, na leo asubuhi ameanza tena kutoka mwanzo. Mimi nataka kujibu swali lako.

Ulikuwa unakunja nguo. Ukaiokota ile kaseti karibu na redio, ukaigeuza, ukaniuliza bila kunitazama, "Mama, hii kitu husaidia kweli, ama ni kujidanganya tu?" Nikasema, "Beba tu, haina uzito." Kisha nikajifanya nimesikia maziwa yakifurika jikoni. Hakukuwa na maziwa motoni, na wewe ulijua. Ukaiacha mezani, ukarudi kwa nguo zako. Iko hapa mbele yangu sasa.

Naogopa, mwanangu. Wacha niseme tu. Kesho unaenda Illasit kufundisha, utapanga chumba, na itakuwa mara ya kwanza maishani mwako kulala mahali ambapo hakuna mtu mwingine anapumua. Hapa ulikuwa nasi. Sekondari ilikuwa bweni. Chuo cha ualimu mlikuwa mmejazana kwa chumba kimoja mkilalamika. Na ile kitu iliyokushika mwezi wa pili, pale jikoni, nayo itasafiri. Haitalipa nauli wala kuomba ruhusa. Ikikushika huko, nani atakuona? Simu unayo, lakini watu wanasema huko mtandao haupatikani mpaka upande mahali. Sasa mtu ambaye hawezi kupumua atapanda wapi?

Ngoja nianze mbali kidogo ndiyo tuelewane.

Tulipohamia hapa ulikuwa na miaka kumi. Watu wetu wa Bungoma walisema tumerogwa, mtu aache shamba lenye mahindi aende kununua ploti mahali pa upepo na mawe. Lakini babako alikuwa amepata kazi kwa mizani ya malori kwenye kiwanda cha simiti, mimi nilikuwa opereta wa simu kwa ofisi mjini, na ploti za Kitengela ndizo tuliziweza. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa. Ukifungua dirisha la nyuma ni nyasi tupu mpaka macho yachoke. Stima haikuwa imefika. Jirani wa karibu alikuwa Mama Nasieku na ng'ombe wake, na kati yetu na yeye kulikuwa na hizo hizo nyasi.

Hatujakaa vizuri, simba akala ndama wake. Mama Nasieku aliniambia asubuhi akiniletea maziwa, kwa sauti ile ile ya kuniambia mvua imechelewa. "Takwenya," akaniamkua kwa Kimaasai, nami nikaitika "Iko" vile alikuwa amenifundisha. Kisha akasema, "Jana alikuja. Amechukua ule mweupe."

"Nani alikuja?"

"Simba, mama. Nani mwingine?"

Tangu siku hiyo usingizi uliniaga. Mabati yakilia kwa baridi, ni simba. Mbwa akinyamaza, ni simba. Nilikuwa nakufikiria wewe ukitembea kwenda shule na sweta lako la kijani, na huku niko mjini nimevaa visikizi nasema "Tafadhali subiri" kwa watu ambao siwaoni. Baadaye hata simba hakuhitajika tena. Moyo ulianza kudunda wenyewe, mchana kweupe, watu wakila chapati. Siku moja vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa kushuka, nikamuunganisha mkurugenzi na mama wa kantini badala ya mtu wa Mombasa. Nilidhani nakufa. Haki ya Mungu, nilifikiria nani atakusuka nywele.

Nikapelekwa hospitali. Daktari akapima, akapima, kisha akacheka kidogo. "Mama, moyo wako ni mzuri kuliko wangu." Alifikiri ananipa habari njema. Mimi nilitoka pale na aibu ya mtu aliyeshikwa akiiba. Kama moyo ni mzima, basi ni mimi niliye mwongo? Hakuna aliyeniambia kwamba hofu nayo ni ugonjwa wa mwili, kwamba inaweza kukukaba koo kabisa na koo likiwa halina kitu. Nakuambia wewe sasa ili usije ukakubali kuaibishwa na mtu anayekutakia mema.

Ni dada mmoja wa ushauri pale hospitali aliyenipa kaseti. "Sikiliza kila jioni ukiwa umelala chali," akasema. "Fuata sauti. Utalegea."

Basi jioni nikalala kwa kochi, babako akiwa kando na chai yake, redio ya betri juu ya stuli. Ikatoka sauti ya mwanamume mzungu na kinanda mbali nyuma yake. Sauti nzuri. Kazi yangu ilikuwa sauti, siwezi kumkosoa. Alisema nifumbe macho, nikafumba. Alisema niachilie mabega, na ndipo nikajua nimekuwa nimeyabeba karibu na masikio tangu tuhamie. Alisema nilegeze taya. Nikalegeza, na kweli kuna kitu kilianza kushuka polepole, mpaka nikafikiri, kumbe. Kisha akasema, kwa utulivu ule ule, kwamba sasa niko peke yangu kwenye uwanda mpana wa nyasi ndefu. Nilale chini. Nisikie nyasi zikitikisika karibu nami.

Woi! Niliruka kutoka kwa kochi mpaka babako akajimwagia chai.

"Nini tena?"

"Amenilaza kwa nyasi!"

"Nani amekulaza kwa nyasi?"

"Huyu mzungu!"

Nilipomsimulia Mama Nasieku alicheka akashika lango asianguke. "Huyo mtu hana ng'ombe," akasema. "Nyasi ikitikisika, wewe unasimama. Hakuna mtu analala."

Ungefikiri ningeiacha hapo. Sikuiacha. Unanijua, kitu cha hospitali mimi namaliza dozi. Nilijiambia kosa ni langu, wazungu wanalegea mbona mimi nishindwe. Jioni baada ya jioni nilijilaza kwa ile nyasi nikiwa nimeuma meno. Nilikuwa nalegea kwa nguvu, Nekesa. Nikimaliza shingo inauma kuliko nilivyoanza. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwako pia, usinikasirikie. Unafanya kila kitu kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yako na kalamu nyekundu. Kulegea hakuna maksi. Ukishindwa leo, umeshindwa, unaamka unapika.

Kisha akina mama wa ushirika wa kanisa wakasikia. Mama Njoki akaniambia kwa upendo kabisa kwamba ukitoa mawazo yote kichwani umeacha mlango wazi, na kuna wanaopita wakitafuta nyumba. Wakaja wakaniombea hapa sebuleni, wakakemea mpaka vikombe vikalia kabatini. Siwadharau, mimi mwenyewe naomba, unajua. Lakini usiku huo nilikuwa na kazi mbili. Simba nje, pepo ndani. Sikulala hata kidogo.

Dawa niliipata kanisani, na si kwa mahubiri. Babako alikuwa anasoma matangazo. Unajua vile husoma, kana kwamba anaita nambari za malori pale kwa mizani, neno moja, pumzi, neno lingine. Nikaangalia huku na huku. Mzee wa kanisa amelala. Mama Njoki mwenyewe kichwa kiko kifuani. Mimi, ambaye sikuwa nimefumba jicho wiki nzima, kope zilikuwa zinashuka zenyewe. Nikajua.

"Nataka unisomee kwa kaseti," nikamwambia tukirudi nyumbani.

"Unanitusi?"

"Nakusifu."

Nikaandika yale maneno ya mzungu kwa Kiswahili. Kwa zile tundu mbili za juu tukabandika selotepu ndiyo kaseti ikubali kurekodi, tukachukua upande wa pili. Shida ikawa ni ile nyasi. "Sasa nikulaze wapi?" akauliza babako, kalamu sikioni. Nikasema baharini sijui, sijawahi kuiona. Akasema, "Basi kwetu nyumbani, chini ya ile miparachichi ya mama." Nikamtazama. Mimi, mwana wa watu, nilale mchana kwa mama mkwe! Hata kwa mawazo yangu mamake angenipata na kuuliza kama maji yamechotwa. Babako akacheka, kisha akafikiri sana. Mwishowe akaandika mwenyewe, na ndiyo hayo unayoyajua: *Uko kwa kitanda chako. Mlango nimefunga mimi mwenyewe, komeo la juu na komeo la chini. Nimejaribu kuusukuma. Haufunguki.*

Ilisaidia? Ndiyo. Nakujibu bila kuzunguka. Si siku ya kwanza wala ya pili, lakini mwili ni mwanafunzi mzito, na wewe sasa ni mwalimu, unajua akina hao. Wakishika neno hawaliachi. Ikafika mahali babako akisema tu "legeza vidole vya miguu, kulia kwanza," mabega yangu yanashuka kabla ya zamu yao. Simba hakuondoka. Alikuja tena, alikula tena. Lakini nilikuwa nalala, na ofisini mkurugenzi alianza kupata watu anaowataka.

Kosa langu lingine likaanza hapo. Niliishika kaseti mpaka ikawa ndiyo inanishika. Betri zikiisha naingia wasiwasi kabla ya wasiwasi wenyewe. Nilikuwa nakutolea betri kwa tochi yako, unakumbuka, na wewe unaenda choo cha nje gizani na simba huyo huyo niliyekuwa namuogopa. Mtu akiogopa hana akili, na mara nyingine hana hata huruma.

Halafu nyanyako, mamangu, akafa, na kwa haraka ya kufunga safari kaseti ikabaki hapa. Jioni ile kabla ya mazishi, nyumba imejaa, moshi, watu wanalia, ikanishika nikiwa jikoni nyuma. Nikashika ukuta. Ni wewe uliyenipata. Ukanivuta nikaketi kwa gunia la mahindi, ukaanza, na kasauti kako kembamba umekakaza kafanane na ya babako: "Legeza vidole vya miguu. Kulia kwanza." Uliyasema yote, bila kuruka, hata mahali anapokohoa ukakohoa. Ulipofika "nimejaribu kuusukuma, haufunguki," nilikuwa napumua.

Kila mtu alisema, mtoto ana akili huyu! Na mimi nilijivuna. Nilisimulia ofisini. Miaka yote hiyo sikujiuliza mtoto alijifunzia wapi.

Nilijiuliza mwezi wa pili mwaka huu, nilipokuona umeteleza chini kando ya jiko na maharagwe yametapakaa, mikono imekakamaa, macho yananitafuta. Ndipo nilielewa. Mtoto anayejua mpaka kikohozi alikuwa nyuma ya mlango kila jioni. Alikuwa hasikilizi kaseti. Alikuwa anasikiliza kama mamake atapona. Nilidhani nakulea, kumbe ulikuwa kwa zamu ya ulinzi. Maneno uliyachukua, na hofu pia ukaichukua, vyote kwa mkono mmoja. Hilo linaniuma, Nekesa. Linaniuma hata sasa nikiandika, na sijui kama nilikupa mimi au ungezaliwa nayo tu kama ulivyozaliwa na masikio ya babako.

Na uliponitafuta kwa macho nilifanya nini? Nilikimbilia kaseti! Stima ilikuwa imepotea, nikaanza kumwaga droo nikitafuta betri, nikagombana na rimoti, nikavunja kucha. Niliporudi jikoni na redio kifuani, babako alikuwa ameketi sakafuni kando yako na viatu vyake vya kazini, bega lake kwa bega lako. Alikuwa anaokota maharagwe moja moja anatia kwa sufuria, na wewe ulikuwa umeanza kuokota pia. Nilisimama mlangoni na redio yangu kama mchuuzi asiye na mnunuzi.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Hujidanganyi. Kaseti husaidia, lakini ni kitu cha siku ya kawaida, umekula, umesahihisha vitabu, hakuna aliyekukosea. Siku hizo ndizo za kuufundisha mwili, ili siku mbaya ukute unajua kitu. Ile siku mbaya yenyewe usiamke kutafuta betri. Tafuta mtu.

Na ndiyo maana nakuomba kitu kimoja, na ukikataa vingine vyote hiki usikatae. Kabla wiki haijaisha, mtafute mtu mmoja Illasit umwambie. Mwalimu mwenzako, ama mama mwenye nyumba akiwa na uso mzuri. Si lazima umpe hadithi yote ya simba na mzungu. Mwambie tu, "Ukiniona nimenyamaza ghafla na nimeshika ukuta, kaa karibu nami, itapita." Najua unavyofanana nami, utasema utaona kwanza. Mimi nilisema hivyo. Ofisini nilijificha mpaka wakaamini nina malaria ya mwaka mzima, wakawa wananiletea ndimu. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kilio. Sitaki kabisa.

Kuna jambo pia la komeo. Maneno ya babako huko hayatakuwa kweli, kwa sababu hatakuwa amefunga yeye. Usiudanganye mwili, mwili hujua. Funga mwenyewe, usukume mwenyewe, useme kwa mdomo wako kwamba haufunguki. Hata kama utajiona mjinga.

Sasa nakuambia kitu ambacho hata babako hakijui.

Siku ile ya kurekodi nililala hapa kwa kochi ajaribu kunisomea huku redio inarekodi. Alimaliza, na akasahau kuzima. Anajua mizani, redio hajui. Kaseti ikaendelea. Ukiacha iende, utasikia kijiko chake kwenye kikombe. Utasikia kengele za ng'ombe wa Mama Nasieku wakirudi. Kisha mlango, na wewe unaingia, na unauliza kwa kunong'ona kule kwako kunakosikika mpaka barabarani, "Baba, Mama amelala?"

"Amelala. Nyamaza."

"Kweli?"

"Kweli."

Halafu hamsemi kitu tena. Mmekaa tu, mpaka kaseti inajizima yenyewe.

Sikuwa nimelala, mwanangu. Macho yalikuwa yamefumba na nilikuwa nasikia yote. Na kila jioni iliyofuata, si kwa vidole vya miguu nililala, wala kwa komeo. Nililala hapo mwisho, mnapoketi kimya na mnaningoja.

Babako anakohoa langoni, mmerudi. Nakunja karatasi hizi nizitie katikati ya blanketi lako pamoja na kaseti. Ukifika huko, jioni moja ya kawaida, isikilize, na babako akimaliza usizime. Iache iende. Kesho usiku hapa nyumbani taa ikizimwa nitamuuliza, "Nekesa amelala?" Atakuwa hajui, maskini, Illasit ni mbali. Lakini namjua. Atasema, "Amelala. Nyamaza."

Mamako